Kipande Ndani ya Kipande

Gatwiri alifika mazishini amechelewa, na bado akapata kiti cha mbele. Mimi nilikuwa Runyenjes tangu asubuhi. Nilikuwa nimemenya viazi na kina mama, nimebeba viti kutoka kanisani, na ibada ilipoanza nikajikuta nyuma kabisa ya hema, penye jua, sikio langu limeelekezwa kwenye spika. Yeye alishuka kwenye pikapu yenye matope ya kwao Mikinduri, gambuti miguuni, leso begani, akasalimia watu wawili watatu, na mjane wa Mwalimu Njagi akainuka mwenyewe, akamshika mkono na kumketisha kando yake. Mjane huyo huyo alikuwa amenipa kisu cha viazi bila hata kuniuliza safari ilikuwaje. Nina mvi sasa, watoto wa pale walikuwa wananiita cucu, yaani nyanya, na bado nilihisi kile kitu kikipanda kutoka tumboni kama kiungulia. Nilidhani kilishanitoka. Kumbe kilikuwa kimelala tu, kinangoja pikapu.

Mwalimu Njagi, tuliyekuwa tukimzika, ndiye aliyetufundisha kazi sisi wawili, mwaka mmoja tuliokaa naye mjini Embu, katika mtaa wa Dallas. Ulikuwa ule wakati ambapo watu walivaa flashi diski shingoni na kujiona wamesoma. Alikuwa amewahi kufundisha hesabu shule ya upili, kisha akaiacha chaki, akakodisha nyumba, na sebule akaifanya ofisi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imesuguliwa nta hadi ukiingia na soksi unateleza. Kompyuta kubwa iliyohifadhi kila kitu ilikaa juu ya stendi ya televisheni, na mkewe, Mama Muriithi, aliifunika kitambaa cha kufuma, chenye maua ya waridi, ili isiingie vumbi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mashine inahitaji kupumua. Kila asubuhi tulikikunja kile kitambaa kwa heshima, na kila jioni tukakitandaza tena. Nyuma ya ukuta mwembamba kulikuwa na jiko, na kila kitu kilichosemwa jikoni kilisikika sebuleni, na cha sebuleni jikoni. Nitaurudia ukuta huo.

Siku ya kwanza Mwalimu alitutolea funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. Moja ilikuwa yake. Ya pili, alisema, itakuwa ya yule atakayebaki mwaka ukiisha, kwa sababu kazi ilitosha mtu mmoja tu wa kudumu, na hapendi kudanganya watoto wa wenyewe. Sikuwa nimemiliki ufunguo wa mlango wowote maishani. Niliutazama ule wa pili na nikajiambia ni wangu. Halafu nikamwangalia msichana niliyeketi naye, amevaa sweta ya shule aliyoitoa nembo, anakula nduma kutoka kwenye mfuko wa karatasi, na nikamwonea huruma kidogo. Huruma hiyo haikumaliza wiki.

Kazi yenyewe lazima niieleze, la sivyo wivu wangu hautaeleweka. Vyama viwili vya ushirika vya kahawa, kimoja upande wa Runyenjes na kingine upande wa Tigania, kwao Gatwiri, vilitaka kujua kila mti wa kahawa ni wa nani. Mtu wa mbali atasema hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Lakini kwetu shamba haliko hivyo. Mzee ana namba yake ya chama. Mwanawe akioa, mzee anatembea naye hadi mahali, anamwonyesha: kuanzia hapa mpaka pale ni pako. Wanapanda maua ya mpaka, basi, mambo yameisha. Hati ya shamba haibadiliki, na namba ya chama haibadiliki, kahawa ya mwana inapelekwa kiwandani kwa namba ya baba. Mwana naye akipata wana, anawaonyesha pao ndani ya pake. Kwa hiyo ukifungua shamba la mzee mmoja unakuta mashamba ndani yake, na ndani ya hayo mengine, jinsi sufuria zinavyopangwa jikoni, ndogo ndani ya kubwa. Makarani wa vyama walikuwa wameyaandika hivyo hivyo: mzee, ndani yake wanawe, ndani ya kila mwana watu wake na miti yao.

Hifadhidata ya kompyuta haitaki sufuria. Inataka kila mtu alale kwenye mstari wake, kwenye jedwali, na kila mstari uwe na namba, na mstari wa mwana ubebe namba ya baba yake. Ina maana baba aandikwe kwanza, apewe namba, ndipo mwana aandikwe. Na Mwalimu alikuwa na masharti. Alipenda ule mtindo wa kuandika programu kwa fanksheni tupu: unaipa kitu, inakurudishia kingine, na kile ulichoipa unakikuta kama ulivyokiacha. "Usiguse cha watu," alikuwa anasema. "Tengeneza chako." Alisema hivyo akitembea kati ya meza zetu mbili, mikono nyuma, kama bado anasimamia mtihani.

Mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza. Niliandika programu iliyomfungua mzee, ikamwandika, ikaingia ndani kwa wanawe, ikawaandika, ikaingia ndani kwa wajukuu, ikawaandika, kisha miti. Ilikuwa ndefu, nimeipanga vizuri, kila hatua na maelezo yake juu, na nilipoiendesha kwa data ya Runyenjes haikukwama hata mara moja. Mwalimu alisoma yote, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Imefanya kazi, Wawira." Mchana huo tulikula githeri chenye nyama, na nilikula nikiwa nimeketi wima kama bibi harusi. Gatwiri aliniomba nimwonyeshe nilivyoandika sehemu ya namba, nikamwonyesha kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha shinda.

Kisha flashi ya Tigania ikaletwa. Programu yangu iliimeza bila kulalamika, ikasema imemaliza. Ni Gatwiri aliyeinama juu ya bega langu, akaanza kusoma majina ya watu wa kwao, kidole kwenye kioo, na nikaona kidole kikienda polepole, halafu kikasimama.

"Hawa wa kwa M'Ikiara wako wapi?" akauliza.

"Si hao hapo."

"Huyo ni mzee. Na huyo ni mtoto wake, na huyo ni wa huyo. Lakini Kobia na ndugu zake ni wa chini ya huyo tena. Wamekwisha onyeshwa. Kobia ana miti mingi kuliko babu yake." Aliongea taratibu, bila kunicheka. "Kwetu wazee wanaishi sana, Wawira. Watu wangu umewaacha nje."

Nilikuwa nimeandika babu, baba na mwana, nikafunga mlango. Kila aliyekuwa chini ya hapo programu yangu haikumwona, wala haikusema kwamba kuna mtu haijamwona. Nilianza kusema nitaongeza hatua moja, na Mwalimu akauliza, akiwa dirishani, "Na wakizaa tena?" Gatwiri alirudi mezani kwake, akamalizia chai yake, akaandika. Hakuandika kwa muda mrefu. Alipomaliza, kilichokuwa kwenye kioo chake kilikuwa kifupi hata nikadhani ndio anaanza.

Nitakieleza kwa maneno, kwa maana nakijua kama Baba Yetu. Ukipewa mtu, mwandike. Shika namba yake. Kisha kwa kila aliye ndani yake, fanya hivi hivi, ukiwa umeshika namba hiyo. Kama ndani hakuna mtu, rudi na ulichopata. Basi. Fanksheni inayojiita yenyewe. Haikuhesabu babu wala mjukuu. Haikutaka kujua shamba lina vizazi vingapi. Iliingia ndani mpaka ndani kukaisha, ikarudi ikiwa imebeba kila mtu. Na haikugusa cha watu.

Mwalimu Njagi alisimama nyuma ya Gatwiri, akasoma. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Mama Muriithi, njoo uone." Akaja na mwiko mkononi, ukidondosha mchuzi kwenye ile sakafu ya nta, akakitazama kioo kile ambacho hakuelewa hata herufi yake, akamtazama mumewe usoni, akamwambia Gatwiri, "Umefanya vizuri, mwanangu." Mama wa watu hakuwa na habari ya kilichofanyika. Kwangu hakuwahi kuitwa. Siku hiyo nilijua wivu unavyokaa mwilini: unatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nikampongeza pia, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tangu siku hiyo sikumwacha kwa macho. Niliona jinsi alivyofika na ndizi za kwao na Mama Muriithi akazipokea kama zawadi ya posa, wakati maziwa niliyoleta kutoka kwetu Karurumo yaliwekwa tu pale chini. Niliona jinsi nyama ya shingo ilivyoelekea sahani yake bila mtu kuielekeza. Alikuwa akikwama kwenye jambo anatoka nje kutazama kuku wa landilodi, anarudi na jibu. Mimi nikienda kuwatazama kuku, nilirudi na viroboto. Nilikariri fanksheni yake kwa kichwa, jioni nikitandaza kile kitambaa cha waridi, nikitafuta mahali ambapo ingekatika. Sitadanganya: sikuwa natafuta kujifunza. Nilitaka ianguke, na nilitaka iangukie mbele ya watu.

Na nilipata mahali. Ile ya kwanza iliandika mtu upya kila flashi ilipoletwa, kwa hiyo Mwalimu alimwambia aongeze swali: kabla ya kumwandika mtu, angalia kama chini ya namba hiyo ya chama yuko tayari, na kama yuko, mchukue huyo huyo. Wana hawana namba zao, kwa hiyo Gatwiri aliuliza kwa jina. Sote wawili tulikuwa tumezaliwa kwenye nyumba ambazo mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Mimi mwenyewe naitwa jina la nyanya yangu mzaa baba. Lakini ukikaa mbele ya kompyuta unasahau hata kwenu. Upande wa Runyenjes kulikuwa na mzee Njeru. Mwanawe Nyaga. Mwana wa Nyaga, bila shaka, Njeru. Fanksheni ilipomfikia Njeru mdogo iliuliza, huyu yuko? Ikaambiwa yuko. Ikamchukua babu, ikampachika chini ya mwanawe, na miti ya mjukuu ikahamia kwa mzee. Sasa Njeru alikuwa baba ya Nyaga na mtoto wa Nyaga. Na ripoti iliyokuwa inapanda kutoka kwa mwana kwenda kwa baba ikapanda, ikazunguka, ikapanda tena, mpaka mashine ikaganda na feni yake ikalia.

Niliingoja siku mwenyekiti wa chama cha Runyenjes alipokuja kutazama kazi. Tulikuwa tumepikiwa chapati na ndengu. Mwenyekiti akiwa na kikombe mkononi nilisema, kwa sauti tamu, kwamba nimeona kitu kidogo kwa kazi ya Gatwiri. Nikaonyesha. Nikasema, "Kulingana na hii, mzee Njeru ni mjukuu wake mwenyewe." Kisha nikangoja uso wa Gatwiri ubadilike.

Ulibadilika, ndio. Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. "Ati mtu amejizaa! Mwenyekiti, umesikia? Njeru amejizaa!" Na mwenyekiti, aliyekuwa amekuja na uso wa mkutano mkuu, akacheka hadi akamwaga chai kwenye suruali, akasema anamjua huyo mzee na si ajabu, maana ni mtu wa kujiamini. Mama Muriithi akacheka jikoni. Gatwiri akageuka kwa mashine, na bado anapangusa macho, akarekebisha. Badala ya kubeba namba ya baba peke yake, fanksheni ikawa inabeba pia njia nzima iliyopita: Njeru, kisha Nyaga wa Njeru, kisha Njeru wa Nyaga wa Njeru. Mtu akaulizwa kwa njia iliyomfikisha, jinsi wazee wetu wanavyouliza mtu wewe ni wa nani, wa nani, wa nani. Mistari ile ikawa mizuri kuliko ya kwanza. Akanigeukia. "Asante sana, Wawira. Hii ingetuaibisha." Alimaanisha. Kama angenuna, ningelala usingizi mzuri. Nilikuwa nimemtafutia aibu, nikamletea mapambo.

"Mnaona Wawira alivyo na jicho?" Mwalimu alimwambia mwenyekiti. Najua alinisifu. Lakini jicho ni la kutazama cha mwenzako, na mimi nililisikia hivyo.

Mwaka uliisha wakati wa kuchuma kahawa. Nilikuwa jikoni peke yangu nikiosha vikombe, Mama Muriithi ameenda sokoni, na nyuma ya ule ukuta nikasikia kiti cha Mwalimu kikivutwa.

"Ufunguo ni wako, Gatwiri. Nilitaka nikwambie kabla ya wengine."

Nilishika kikombe ndani ya maji. Maji yalikuwa ya moto na sikuyahisi.

"Hapana, Mwalimu," nikamsikia akisema. "Mimi narudi nyumbani. Baba amesema atanionyesha pangu."

"Wewe? Na kaka zako?"

"Wamenuna, lakini amesema. Nikichelewa atabadilisha mawazo. Mpe Wawira. Yeye ndiye anautaka."

Kisha Mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kuutaka najua anautaka. Lakini wewe ndiye unaiweza hii kazi."

Hakuna aliyejua niko pale. Niliendelea kuosha kikombe kimoja mpaka maji yakapoa. Sikuweza hata kusema ni lipi lililoniuma zaidi: kwamba nilikuwa wa pili, au kwamba yeye alikuwa akiitupa kazi niliyoililia mwaka mzima jinsi mtu anavyoacha sahani ambayo hakuimaliza, au lile la tatu, kwamba baba yake, mzee wa Mikinduri, alikuwa tayari kutembea na binti hadi mahali na kumwambia kuanzia hapa mpaka pale. Kwetu hakuna msichana aliyewahi kuonyeshwa. Mimi nilitaka ufunguo wa nyumba ya kupanga kwa sababu hicho ndicho kitu kikubwa nilichoweza kutaka.

Siku ya pili Mwalimu alinipa ufunguo kwa hotuba nzuri, na Gatwiri akapiga makofi. Niliupokea kwa mikono miwili. Nimeishi kwa ufunguo huo, na watoto wangu wamesoma kwa huo, na kila mara nilipougeuza mlangoni nilijua ulikuwa umekataliwa kwanza. Programu ile ilitumika miaka mingi. Wateja walioisifu niliwajibu asante, na asante yangu haikuwa na jina la mtu ndani yake.

Baada ya mazishi tulipewa sahani za wali na mukimo. Gatwiri alinitafuta mwenyewe, akaja na sahani yake, akaketi kwenye nyasi kando yangu kama tuliachana jana. Mikono yake ilikuwa na nyufa za udongo. Aliniambia habari za ndizi zake, ng'ombe, kaka zake ambao siku hizi wanamwomba mbegu. Kompyuta aliiacha kabisa. "Nilikuwa naumwa na macho," akasema, na hiyo ndiyo sababu yote aliyonipa. Akaniuliza kama bado nakumbuka chapati za Mama Muriithi, na yule jogoo wa landilodi. Alikumbuka chakula chote cha mwaka ule. Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile fanksheni.

"Gani?"

"Ile ya mashamba."

Alitafuna, akafikiri kwa uaminifu. "Nakumbuka Njeru amejizaa," akasema, akacheka. "Hiyo nyingine sikumbuki."

Nikamsomea. Pale kwenye nyasi, sahani mapajani, nilimsomea yote kwa kichwa, mstari kwa mstari: mwandike, shika namba yake, kwa kila aliye ndani fanya hivi hivi, beba njia, kama hakuna mtu rudi. Alisikiliza ameacha kula. Nilipomaliza alitikisa kichwa polepole, na nikaona usoni pake kitu nilichokuwa nimekitamani kutoka kwa mtu yeyote tangu nikiwa msichana.

"Ni nzuri hiyo," akasema. "Uliandika wewe?"

Nilichelewa kujibu. Nakiri nilichelewa.

"Ni yako, Gatwiri."

"Yangu?" Akanipiga begani kwa mkono wake mzito. "Wacha hizo. Mimi sikuwa na kichwa hicho. Wewe ndiye uliyebaki na ufunguo."

Nikamwambia tena. Akacheka tena, akasema siku zote nilikuwa mtu wa kujishusha, na akainuka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mlima na barabara ya kwao inateleza. Mjane alimsindikiza mpaka kwenye pikapu. Mimi nilibaki nikikusanya sahani. Aliondoka Runyenjes akiamini ile fanksheni ni yangu.